Nifunge Nini Wakati Mgao Umepungua? Kwaresima na Jumuiya Yako Kambini

(Muziki wa kufungua kipindi unapanda, kisha unashuka taratibu.)

MTANGAZAJI: Popote unapotusikia, iwe Nyarugusu, Kakuma, Nakivale, Mahama au Lusenda, sogeza kigoda karibu na redio. Na wewe unayekisoma kipindi hiki kwenye karatasi, msomee pia jirani ambaye hakuwahi kwenda shule.

Leo tunazungumza juu ya Kwaresima katika parokia. Waliotoka Burundi na Rwanda wanaiita Igisibo. Kila mwaka kipindi hiki kinapokaribia, swali moja linarudi kwenye foleni ya maji na kwenye foleni ya chakula: "Mgao umepunguzwa. Tunakula mara moja kwa siku. Mimi nifunge nini tena?"

Ni swali la haki. Linastahili jibu, tena jibu lisilomwacha mtu na njaa zaidi wala na aibu. Kanuni tutakazozitaja ni za Kanisa Katoliki. Waanglikana na Walutheri nao wana Kwaresima, kwa taratibu zao. Makanisa mengi ya Kipentekoste hayana kipindi hiki katika kalenda yao, ingawa waumini wake hufunga na kuomba. Kama wewe si Mkristo, kaa nasi pia, kwa sababu jirani yako huenda ni Mkristo.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Tuanze na tarehe, maana kalenda ya ukutani wengi wetu tuliiacha nyumbani.

Kwaresima huanza Jumatano ya Majivu. Mwaka huu wa 2026 ni tarehe 18 Februari. Pasaka ni tarehe 5 Aprili. Ukihesabu siku zote katikati utapata 46, lakini Jumapili hazihesabiwi kama siku za kufunga, ndiyo maana tunasema siku 40.

Kwa nini tarehe hubadilika kila mwaka? Kwa sababu Pasaka hufuata mwezi wa angani. Ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Kwa hiyo Pasaka haiwezi kuja kabla ya tarehe 22 Machi wala kupita tarehe 25 Aprili. Hata usipokuwa na kalenda wala simu, tazama juu. Mwaka huu, ukitoka nje usiku wa Alhamisi Kuu, tarehe 2 Aprili, utaukuta mwezi ni mpevu.

Ndugu zetu Waislamu nao wanahesabu kwa mwezi, na mwaka huu mfungo wa Ramadhani unaanza karibu siku moja na Kwaresima yetu. Kwa wiki kadhaa, hema hili watafunga na hema lile watafunga. Ni nafasi nzuri ya kuheshimiana: usimpikie jirani harufu ya kumtesa mchana, naye asikucheke ukitoka na majivu kwenye paji la uso.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Sasa turudi kwenye swali letu. Kanisa linadai nini hasa?

Sikiliza vizuri, kwa sababu wengi wanafikiri linadai zaidi ya lile linalodai. Siku za kufunga kwa lazima ni mbili tu katika mwaka mzima: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Wanaohusika ni watu wazima, kuanzia miaka 18 hadi wanapotimiza 59. Na kufunga kwenyewe ni kula mlo kamili mara moja, na kuonja kidogo asubuhi na jioni. Mbali na hapo, kuanzia miaka 14, mtu anaombwa aache nyama siku za Ijumaa, au afanye tendo lingine la toba kama maaskofu wa nchi yake walivyoagiza.

Sasa fanya hesabu mwenyewe. Mlo mmoja kamili, na kidogo asubuhi na jioni. Je, familia yako ilikula zaidi ya hapo jana? Kile ambacho Kanisa linakiita kufunga, familia nyingi kambini zimekuwa zikikifanya kila siku bila kupewa majivu. Na nyama, wengine hatujaiona tangu Noeli.

Kwa hiyo ondoa hofu moyoni. Sheria hii haikuwekwa ili mwenye njaa azidi kulala njaa. Mgonjwa halazimiki kufunga. Mama mjamzito halazimiki. Mama anayenyonyesha halazimiki. Anayefanya kazi nzito za mikono, aliye dhaifu kwa kukosa chakula, hao pia hawalazimiki. Ukiwa na shaka, muulize katekista au padre. Kuuliza si dhambi.

Tena kuna mambo matatu ambayo tunakuomba uyashike kwa nguvu.

La kwanza: usiache dawa. Kama unatumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, dawa za kifua kikuu, za kisukari au za shinikizo la damu, endelea kuzimeza kama mganga alivyokuelekeza, na kula kama alivyokuambia ule.

La pili: chakula cha tiba ambacho mtoto wako amepewa kliniki kwa sababu ya utapiamlo ni dawa yake. Hakifungwi, hakigawiwi, wala hakitolewi sadaka.

La tatu: usiweke rehani kadi yako ya mgao, wala usiuze mafuta ya watoto, ili upate cha kutoa kanisani. Hakuna kiongozi mwema wa jumuiya atakayekudai hivyo.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Utauliza: basi Kwaresima imebaki na nini?

Imebaki na kiini chake. Injili inayosomwa Jumatano ya Majivu inatoka Mathayo sura ya 6. Inataja mambo matatu: kutoa msaada, kusali na kufunga, na yote yafanyike bila kujionyesha. Nabii Isaya, katika sura ya 58, anawakemea watu wanaofunga huku wakiwaonea wenzao. Anasema saumu ya kweli ni kufungua vifungo vya uonevu, kumgawia mwenye njaa chakula, na kumkaribisha asiye na makao. Wewe uliyefika mpakani ukiwa na mtoto mgongoni unajua maneno hayo yana uzito gani.

Basi mwenye tumbo tupu anaweza kufunga ulimi. Anaweza kufunga pombe, kamari na fitina za kwenye bomba la maji. Anaweza kutoa saa moja. Kumtekea maji bibi asiyeweza kubeba dumu ni sadaka. Kumshikia nafasi kwenye foleni mama aliyejifungua juzi ni sadaka. Kumwandikia barua asiyejua kuandika ni sadaka.

Na hapa ndipo jumuiya inapoingia. Parokia ni kubwa. Kambini parokia moja inaweza kuwa na maelfu ya waumini, na padre hawezi kujua kwamba wewe, uliye kwenye hema la mwisho karibu na korongo, umelala siku tatu na homa. Anayejua ni jirani. Ndiyo maana Kanisa katika nchi zetu lilijipanga kwa vikundi vya majirani. Maaskofu wa Kongo walianza mpango huo mwaka 1961. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, waliuweka kuwa kazi yao ya kwanza katika miaka ya 1970. Tanzania na Kenya wanasema Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Wengi waliotoka Kivu wamezoea kusema shirika. Jina ni tofauti, kazi ni ile ile: nyumba chache za jirani zinakutana mara moja kwa wiki, leo kwako, wiki ijayo kwangu, zinasoma Neno, zinaulizana hali.

Wakati wa Kwaresima jumuiya hukutana kwa bidii zaidi. Siku za Ijumaa kuna Njia ya Msalaba, vituo 14. Nchini Kenya, kila mwaka maaskofu hutoa kijitabu cha kampeni ya Kwaresima, na jumuiya hukijadili wiki kwa wiki kwa hatua tatu: ona, amua, tenda. Hata kama hamna kijitabu, hatua hizo zinafaa. Ona: nani katika bloku yetu hana blanketi? Amua: Neno tulilosoma linatuambia nini juu yake? Tenda: nani ataenda kwake, lini?

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Labda wewe umefika juzi. Humjui mtu. Unaogopa kuingia kwenye jumuiya kwa sababu cheti chako cha ubatizo kiliungua na nyumba, au kilibaki kwenye sanduku ulilolitupa njiani.

Usijifungie ndani. Kusali na wenzako hakuhitaji cheti. Cheti huulizwa kwa mambo kama ndoa au kipaimara, na hapo pia kuna njia. Ubatizo haurudiwi. Sheria ya Kanisa inakubali, pale ambapo haimdhuru mtu mwingine, ushahidi wa mtu mmoja wa kuaminika aliyeona ukibatizwa. Kama ulibatizwa ukiwa mtu mzima, inakubali kiapo chako mwenyewe. Kwa hiyo mtafute mtu wa kijiji chenu, msimamizi wako, au mwanakwaya mliyeimba pamoja, mwende naye kwa katekista. Lakini kumbuka jambo moja: cheti cha ubatizo si cheti cha kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa kambini aandikishwe pia serikalini, kwa utaratibu wa nchi uliyomo.

Au labda unaogopa jambo jingine. Huenda kwenye mkeka ule ule ameketi mtu anayesema lugha ya wale waliokukimbiza. Hilo tunalijua, na hatutalipamba. Hakuna anayeweza kukulazimisha usimulie yaliyokupata, wala kukupangia siku ya kusamehe. Kaa karibu na mlango kama unataka. Wako walioanza kwa kuvumilia tu kuketi chini ya turubai moja, na hiyo nayo ni hatua. Na tafadhali, wewe kiongozi wa jumuiya: kusamehe si kunyamaza. Mwanamke aliyepigwa au kubakwa asiambiwe asamehe yaishe. Asindikizwe hospitali haraka, kabla ya saa 72 kupita, maana zipo dawa za kumkinga ambazo baada ya hapo hazisaidii. Akichelewa, aende vilevile.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Tumalize na Juma Kuu, ili ujipange.

Jumapili ya Matawi ni tarehe 29 Machi. Tawi lolote la kijani linafaa, si lazima liwe la mchikichi. Msiingie kwenye mashamba ya wenyeji kukata matawi yao. Mchikichi wa mtu ni mafuta yake na ada ya shule ya mtoto wake. Ombeni kwanza kupitia viongozi wa bloku. Wengine huyatunza matawi hayo hadi mwaka unaofuata, yakachomwa yakawa majivu ya Kwaresima mpya.

Alhamisi Kuu, tarehe 2 Aprili, padre huosha miguu ya waumini kama Yesu alivyowaosha mitume. Miguu iliyotembea kutoka mbali inaelewa ibada hiyo kuliko mahubiri. Ijumaa Kuu, tarehe 3, hakuna Misa, kuna ibada ya msalaba. Jumamosi usiku ni Mkesha: moto mpya unawashwa nje, mshumaa wa Pasaka unaingia gizani, na wakatekumeni wanabatizwa. Ulizeni mapema saa za kutembea usiku kambini kwenu. Nendeni kwa makundi, mkiwa na tochi, na wasichana wasirudi peke yao.

Baada ya hapo huja siku 50 za furaha, hadi Pentekoste tarehe 24 Mei. Ndoa zilizosubiri zinafungwa, watoto wanapata Komunyo ya kwanza. Hata kama sherehe ni chai ya rangi na maandazi machache yaliyokatwa vipande, ni sherehe.

Ndugu msikilizaji, ulituuliza: nifunge nini wakati mgao umepungua? Jibu letu ni hili. Njaa yako haitakiwi na Mungu wala na Kanisa. Kinachotakiwa ni kwamba, katika siku hizi 40, pasiwe na mtu katika bloku yenu anayeugua, anayelia au anayezikwa bila jirani kujua.

Maswali ya kujadili katika kikundi chenu cha wasikilizaji:

1. Katika bloku yetu, nani hakuonekana wiki hii, na nani ataenda kumtazama?
2. Ni sadaka gani tunaweza kutoa bila kugusa chakula cha watoto?
3. Mgeni akifika leo, nani atamwonyesha mahali jumuiya inapokutana?

Kwaresima njema kwako, Ramadhani njema kwa jirani yako. Hadi kipindi kijacho, kaa salama.

(Muziki wa kufunga kipindi.)