Sheria na Mimba (3): Wiki 28 Zinahesabiwa Kuanzia Wapi?

Katika sehemu mbili zilizotangulia tuliona jinsi Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inavyomshika anayemtoa mwanamke mimba (kifungu cha 150, kifungo cha hadi miaka 14), mwanamke mwenyewe (kifungu cha 151, miaka 7), na yule anayetoa dawa au kifaa huku akijua kitatumika kwa kazi gani (kifungu cha 152, miaka 3). Leo tunaingia katika swali la muda. Tangu Mahakama Kuu ya Marekani ilipotengua hukumu ya Roe, iliyotambua haki ya kutoa mimba, tarehe 24 Juni 2022, katika shauri lililohusu sheria ya wiki 15 ya jimbo la Mississippi, mjadala wa wiki umefika hata kwetu. Msikilizaji wa redio akiwa Chala au Namanyere, huku kwetu Rukwa, husikia kwamba Uingereza ni wiki 24 na Ufaransa ni 14, naye huuliza: na sisi je, ni ngapi? Swali ni la haki kabisa. Jibu lake ni kwamba namba ipo ndani ya sheria yetu, lakini haifanyi kazi ambayo watu wengi wanadhani inaifanya. Tena hata namba za wenzetu hazilingani kama zinavyosikika, kwa sababu Mwingereza huhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho na sheria ya Ufaransa huhesabu tangu mimba ilipotunga, hivyo wiki 14 za Paris ni kama 16 kwa hesabu ya mkunga wa London au wa Sumbawanga.

Namba yetu imo katika kifungu cha 219, kwa namba za vifungu zilizozoeleka. Kifungu hicho kinahusu kuangamiza mtoto ambaye angeweza kuzaliwa hai, na adhabu yake ni kifungo cha maisha. Kinasema kwamba ikithibitika kwa ushahidi kuwa mimba ilikuwa imefika wiki 28 au zaidi, hiyo ni dalili ya kutosha, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kwamba mtoto alikuwa na uwezo wa kuzaliwa hai. Kwa hiyo wiki 28 ni kanuni ya ushahidi, na aliye chini yake hajaruhusiwa lolote. Mimba ya wiki sita inalindwa na kifungu cha 150, na ya wiki thelathini inalindwa na 150 pamoja na 219. Tofauti ni uzito wa adhabu tu. Asili ya namba yenyewe si Ufipa, wala si Dodoma. Ilitungwa na Bunge la Uingereza mwaka 1929 katika sheria ya kulinda uhai wa mtoto aliye tumboni, ikaingia katika Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika iliyopitishwa mwaka uliofuata. Waingereza wenyewe waliiacha mwaka 1990, waliposhusha kikomo chao hadi wiki 24 kwa sababu vyumba vya watoto njiti vilikuwa vimepiga hatua. Sisi tumebaki nayo.

Kinachoruhusu kitu chochote katika sheria ya Tanzania Bara ni kifungu cha 230, nacho hakina wiki hata moja. Kinasema kwamba mtu hana jinai akimfanyia mgonjwa upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ustadi wa kutosha, kwa faida ya mgonjwa huyo, au akimfanyia mtoto aliye tumboni ili kuokoa uhai wa mama, mradi hali ya wakati huo iufanye upasuaji huo kuwa wa busara. Ukubwa wa neno “uhai” hapa ulipimwa London mwaka 1938, pale Dk. Aleck Bourne alipojipeleka mwenyewe polisi baada ya kumtoa mimba binti wa miaka 14 aliyebakwa na askari. Jaji aliwaelekeza wajumbe wa juri kwamba anayeachwa aharibikiwe kabisa mwili au akili hawezi kusemwa ameokolewa uhai, nao wakamwachia huru. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliifuata njia hiyo mwaka 1959 katika kesi ya Mehar Singh Bansel, ikatenganisha upasuaji wa jinai na ule wenye sababu njema ya kitabibu. Hayo yamo vitabuni. Lakini tabibu wa kituo cha afya hasomi ripoti za kesi za 1959, anachokifahamu ni miaka 14. Mama akifika anatokwa na damu, chupa imepasuka wiki ya 19, homa imeanza kupanda, na moyo wa kijusi bado unadunda, tabibu asiye na maelekezo ya maandishi atasubiri. Atasubiri moyo ule unyamaze wenyewe ili naye awe salama mbele ya polisi. Katika saa hizo maambukizi huingia kwenye damu, na mama aliyekuja akiwa na nafasi nzuri ya kupona huanza kuipoteza.

Hapa ndipo hoja yangu inaposimama. Mjadala wa wiki ngapi, jinsi tunavyouazima, unadhani kwamba wiki ni zilezile kila mahali. Sivyo. Chukua kipimo chenyewe cha uwezo wa kuzaliwa hai. Mtoto wa wiki 26 anayezaliwa Muhimbili ana joto, oksijeni na mtu wa kumwangalia usiku kucha. Mtoto wa wiki hizohizo anayezaliwa Wampembe, chini kabisa ya mteremko unaoshuka Ziwa Tanganyika, ana kifua cha mama yake tu, ile huduma ya kangaruu, ambayo huokoa wengi lakini haitoshi kwa mapafu ambayo hayajakomaa. Kama haki ya mtoto huyo itapimwa kwa uwezo wa kuishi nje ya tumbo, basi tumekubali kwamba haki hiyo huanza mapema mjini na huchelewa mwambaoni. Anayependa ulinzi wa uhai hawezi kulifurahia hilo, na anayependa haki ya mwanamke pia hawezi. Halafu kuna kosa la kuhesabu. Ultrasaundi ya miezi mitatu ya kwanza hukosea kwa siku chache, takriban wiki moja, lakini ile ya miezi mitatu ya mwisho inaweza kukosea wiki tatu nzima. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulionyesha kwamba robo tu ya wajawazito walikwenda kliniki kwa mara ya kwanza kabla ya mwezi wa nne. Kwa wengi wa waliobaki, umri wa mimba unakisiwa kwa mkono wa mkunga juu ya tumbo na kwa kumbukumbu ya msimu, kwamba alikosa siku zake wakati wa palizi. Kumfunga mtu maisha kwa mstari wa wiki 28, wakati kipimo chenyewe kinayumba kati ya 25 na 31, ni jambo la kutisha.

Zaidi ya hapo, wiki hupotea kabla mwanamke hajafika popote. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya wasichana wa Rukwa wenye miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata mimba, wakati wastani wa taifa ni asilimia 22. Msichana wa namna hiyo hushuku mwezi wa pili, hukataa kuamini mwezi wa tatu, hujifunga kanga tumboni mwezi wa nne. Kama mimba imetokana na kubakwa, anatakiwa kuwa na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na mara nyingi mbakaji ni ndugu au jirani ambaye wazee wameshaanza kuzungumza naye habari ya fidia. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vina nafasi ya siku tano tu tangu tendo, na siku hizo tano huishia katika kikao cha ukoo. Chala ina bahati ya kukaa kwenye barabara kuu ya Sumbawanga kwenda Mpanda. Kwa anayepanda kutoka Kala wakati wa masika, nauli ya pikipiki peke yake ni sababu tosha ya kuahirisha hadi mahindi yauzwe. Sheria ikisema wiki 12, au 20, au 24, imempa muda mrefu mwenye gari na muda mfupi mno mwenye kutembea.

Ushahidi kwamba kuchelewa hakutibiwi kwa kukaza kikomo unatoka kwa hao hao Waingereza tunaopenda kuwanukuu. Kati ya 2011 na 2021 kikomo chao hakikubadilika hata siku moja. Hata hivyo mimba zilizotolewa kabla ya wiki 10 katika Uingereza na Wales zilipanda kutoka kama asilimia 78 hadi 89. Kilichobadilika ni njia ya kufikia huduma, kwanza dawa badala ya upasuaji, kisha kuanzia 2020 ruhusa ya kuzitumia dawa hizo nyumbani. Sitoi mfano huu ili tuige sheria yao. Nautoa kwa sababu unatenganisha mambo mawili ambayo mjadala wetu huyachanganya: sheria inaruhusu nini, na mtu anachelewa kwa nini.

Jirani zetu wanatufundisha upande wa pili wa jambo hilo. Kuvuka mpaka kutoka Kalambo kuingia Mbala ni kuingia nchi ambayo tangu 1972 ina sheria pana kuliko yetu, yenye kuangalia afya ya mwili na ya akili ya mama. Lakini sheria hiyo ya Zambia inadai saini za madaktari watatu, mmoja wao bingwa, isipokuwa pale uhai unapokuwa hatarini mara moja. Wilaya ngapi za vijijini zina madaktari watatu siku moja, acha bingwa? Rwanda iliondoa sharti la kwenda mahakamani kwanza, ikaandika kikomo cha wiki 22 katika agizo la waziri la 2019, lakini huduma ikabaki mikononi mwa daktari. Ng’ambo ya ziwa, Kongo ilichapisha Itifaki ya Maputo, ile ya Afrika kuhusu haki za wanawake, katika gazeti lake la serikali mwaka 2018. Itifaki hiyo, ambayo Tanzania iliiridhia 2007, inataja kubakwa, uhusiano wa maharimu, na hatari kwa afya au uhai wa mama, bila kutaja wiki. Bunge letu halijaiingiza katika sheria za ndani, kwa hiyo haimsaidii mtu wala kumkinga tabibu.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kanisani, na katika Ufipa haliwezi kupitwa juujuu. Misheni ndizo zilizoleta hospitali hapa. Adrian Atiman, aliyefika Karema mwaka 1889 akiwa katekista na tabibu, aliwatibu watu wa mwambao hadi uzeeni, na hospitali ya Sumbawanga inabeba jina lake. Mkatoliki husema uhai ni mmoja tangu kutungwa, kwa hiyo kubishana juu ya wiki ni kubishana juu ya bei ya kitu kisichouzwa. Namheshimu anayesema hivyo, na naona ana msimamo ulionyooka kuliko sheria yenyewe yenye namba iliyoazimwa. Ila mafundisho hayohayo yanatofautisha kukusudia kifo cha mtoto na kumtibu mama huku kifo hicho kikiwa ni matokeo yasiyokusudiwa. Mimba iliyotunga nje ya kizazi hutolewa pamoja na mrija uliopasuka, na hakuna padri anayeita hilo dhambi. Na baada ya mtoto kuwa na uwezo wa kuishi, daktari anayepambana na kifafa cha mimba huzalisha mapema ili aokoe wawili, hahitaji kuua. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya kile ambacho kifungu cha 230 kinakiruhusu haigombani na kanisa. Inagombana na hofu ya tabibu asiyejua mpaka wake.

Wapo pia watakaosema kwamba kueleza kifungu hicho kwa maandishi ni kufungua mlango. Watafiti wa Taasisi ya Guttmacher ya Marekani, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na Chuo Kikuu cha Muhimbili walikadiria kwamba mwaka 2013 mimba kama 405,000 zilitolewa Tanzania, na wanawake wapatao 66,600 walitibiwa hospitalini kwa madhara yake. Ni makadirio, yaliyojengwa juu ya taarifa za vituo na maoni ya wataalamu, na mtu anaweza kubishana na mbinu zao. Hata ukiyakata nusu, mlango unaoogopwa umekuwa wazi miaka yote kupitia dirisha la duka la dawa, mizizi na majani ya chai yaliyokolezwa, na kifungo cha miaka 14 hakijaufunga.

Ninachokidai kwa hiyo ni kidogo, na kinaweza kufanyika kabla Bunge halijagusa kifungu kimoja. Wizara ya Afya, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu, itoe waraka wa Kiswahili kwa kila zahanati na kituo cha afya. Utaje hali ambazo kifungu cha 230 kinazifunika: chupa iliyopasuka kabla ya wakati na maambukizi, kuvuja damu kusikokoma, kifafa cha mimba, moyo wa mama uliochoka. Useme tabibu aliyepo anaweza kuamua nini akiwa peke yake usiku, na lini lazima apige simu ya rufaa. Useme kwamba mwanamke aliyeharibikiwa mimba, kwa njia yoyote ile, anatibiwa kwanza na haulizwi habari za polisi mezani pa kusafishwa kizazi. Na useme kwamba aliyebakwa anapewa dawa siku anayofika, PF3 ikiwa mkononi au ikiwa bado njiani kutoka kituoni.