Faini ya kwanza ya kijana: mzazi, usimfundishe rushwa

Ndugu Waislamu, katika kata ya Bukiriro wilayani Ngara, kama kwingineko nchini, vijana wengi hujifunzia udereva kwenye pikipiki ya abiria. Siku askari wa usalama barabarani atakapomwandikia faini ya kutovaa kofia ngumu, hapo malezi yetu ndipo hupimwa.

Kijana asikimbie. Asimame, atoe salamu, na akiri kosa alilolitenda. Qur'an (4:135) inatuamuru kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu. Akiona ameonewa, anayo haki ya kukana na shauri likaamuliwe mahakamani. Matusi si hoja.

Faini ya bodaboda, iliyopunguzwa mwaka 2021 kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, ni ya Serikali, na risiti yake hutunzwa. "Kitu kidogo" mkononi mwa askari ni rushwa, na Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoaji na mpokeaji.

Nawe mzazi, usimtafutie jamaa mwenye cheo wa kuifuta. Mwache alipe kwa jasho lake, kisha avae kofia: uhai ni amana. Wallahu a'alam.