Mhariri wa Video wa Kusini Anunue Nini? Kipato cha Msimu na Ada ya Kila Mwezi

Minada ya ufuta ikishafanyika na fedha zikaingia kwenye akaunti za wakulima, simu za wapiga video wa Lindi, Mtama na Kilwa huanza kuita. Harusi zilizoahirishwa hupangiwa tarehe, mwali hutolewa ndani, maulidi hufanywa makubwa. Wimbi la pili huja na korosho kuanzia Oktoba. Masika yakiingia, kazi huwa za kuokoteza: tangazo la duka, mahafali, semina ya halmashauri.

Biashara yenye kipato cha namna hii haiwezi kuchagua vifaa kwa kuiga studio za Dar es Salaam, lakini ndivyo wengi wanavyofanya. Kijana hukusanya fedha za msimu mzima, hupanda basi hadi Kariakoo na kununua laptopu ya gemu kwa sababu ameiona kwenye video za wahariri wa nje. Akirudi Kilwa Masoko hana diski ya kutunzia kazi za wateja, hana UPS, na programu aliyowekewa ni ya kraki.

Tuanze na programu, maana ndizo zinazoamua kompyuta iweje. Adobe ilihamia mfumo wa ada mwaka 2013, na tangu hapo matoleo mapya ya Premiere Pro na After Effects hukodishwa tu. Kwa bei za Marekani, kila moja hugharimu takriban dola 23 kwa mwezi kwa mkataba wa mwaka. Anayehariri na kutengeneza mosheni grafiki anazihitaji zote mbili, kwa hiyo mwaka mmoja unameza zaidi ya dola 550. Ukivunja mkataba katikati unatozwa faini. Juni 2024 serikali ya Marekani iliishtaki Adobe mahakamani ikidai kwamba wateja hawakuelezwa wazi kuhusu faini hiyo. Mwenye mshahara anaweza kuimudu ada hii. Anayesubiri ufuta ataikosa Machi au Aprili, na hapo mafaili ya wateja wake yatakuwa yamefungiwa ndani ya programu asiyoweza kuifungua.

DaVinci Resolve ya kampuni ya Blackmagic Design ya Australia ina mpango tofauti. Toleo la bure linatosha kwa sehemu kubwa ya kazi za kulipwa: linakata, linasahihisha rangi, linachanganya sauti na kutoa video hadi ukubwa wa 4K. Toleo la Studio ni dola 295, unalipa mara moja basi. Tangu mwaka 2018 sehemu ya Fusion imo ndani yake, na humo ndimo mosheni grafiki hutengenezwa: majina ya wasemaji, ramani zinazojichora, nembo zinazozunguka. Fusion ni ngumu kujifunza kuliko After Effects, hilo halina ubishi, na tempuleti zake sokoni ni chache. Anayetaka grafiki za pande tatu ana Blender, ambayo ni ya bure kabisa na msimbo wake uko wazi tangu 2002. Mwenye Mac anaweza kununua Final Cut Pro kwa dola 300 hivi, nayo pia mara moja.

Hukumu yangu ni kwamba mhariri wa pwani hii ajenge kazi yake juu ya Resolve, na ada ya Adobe ailipe pale tu ambapo kazi yenyewe inaidai. Kazi za namna hiyo zipo. Studio ya Dar es Salaam ikikupa kipande cha kazi na kukutumia faili la After Effects, inataka faili la After Effects lirudi. Mkataba wa aina hiyo utiwe gharama ya programu tangu kwenye bei. Kraki tuziache. Zinavunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, sheria ileile inayomlinda mpiga video picha zake zisiibwe, na nyingi huja na virusi vinavyofuta kazi za watu.

Sasa kompyuta. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na kosa haliko kwenye bei bali kwenye kutojua kamera inarekodi nini. Kamera nyingi za kisasa za Sony, Canon na Fujifilm zinaweza kurekodi kwa mfumo wa H.265 wenye rangi za 4:2:2 na biti 10. Picha zake ni nzuri na faili ni dogo, lakini kulifungua ni kazi nzito ambayo prosesa nyingi huishindwa. Prosesa za Intel zenye grafiki ya ndani, kuanzia kizazi cha 11, zina sehemu maalumu ya kufungua video hizo. Kompyuta za Apple za M1, zilizotoka mwishoni mwa 2020, na zilizofuata zinayo pia. Kadi za NVIDIA zilikuja kuipata kwenye mfululizo wa RTX 50 mwaka 2025. Ndiyo maana mtu ananunua mashine yenye kadi ya RTX 3060, bei imesimama, halafu video ya harusi inakwamakwama kwenye kioo, huku laptopu ya kawaida ya jirani yenye Intel ya kizazi cha 12 inaicheza bila shida. Ukinunua prosesa ya Intel ya mezani, tazama herufi ya mwisho ya jina lake: zenye F hazina grafiki ya ndani. Tena, toleo la bure la Resolve kwenye Windows hugoma kufungua baadhi ya video za biti 10, na wengi hulipia Studio kwa sababu hiyo tu.

Kariakoo zimejaa kompyuta za mezani za mtumba kutoka maofisi ya Ulaya na Ghuba, HP Z440 na Dell Precision. Ni imara, zinafunguka kirahisi, vipuri vyake vinapatikana. Prosesa zake za Xeon hazina ile sehemu ya kufungua video, kwa hiyo anayezinunua ajiandae kutengeneza nakala nyepesi, ambazo wahariri huziita proksi, kabla ya kuanza kukata. Kwa gharama yake bado naziona bora kuliko laptopu ya gemu. Ziongezee RAM ifike GB 32, kwani Fusion hula kumbukumbu, na kadi ya grafiki yenye GB 8 za kumbukumbu yake yenyewe. Laptopu ikifa ubao mama mjini Lindi, matengenezo ni Dar es Salaam, kilomita 450 kwa barabara. Ya mezani hubadilishwa kipande kilichokufa, vingine vikabaki.

Barabara hiyo yenyewe haina dhamana. Mapema Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata eneo la Somanga na magari yakakwama. Tarehe 12 mwezi huohuo nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu na intaneti ikadorora nchi nzima. Mhariri aliyeweka kazi za wateja mtandaoni pekee, au aliyekuwa akisubiri kipuri kutoka Dar, alisimama.

Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye diski na umeme. Hesabu yake ni rahisi. Kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde hujaza GB 45 kwa saa. Harusi ya kamera mbili, saa sita kila moja, ni GB 540, na nakala ya pili inaifanya ipite TB 1. Harusi nne za mwezi mmoja wa msimu zinahitaji zaidi ya TB 4. Diski kuu za kawaida, zile za kuzunguka, zinatosha kwa akiba. SSD ya TB 1 au 2 itumike kwa kazi iliyo mezani. Nakala moja isilale nyumba moja na nyenzake. Umeme ukikatika wakati wa kurenda, kinachopotea ni saa za kazi. Ukirudi kwa kishindo, kinachopotea ni diski. UPS na stabilaiza si anasa. Hewa ya chumvi nayo hula miguso ya RAM na kadi, kwa hiyo mashine isikae sakafuni karibu na dirisha la baharini, na ifunguliwe kusafishwa kila baada ya miezi michache.

Soko lenyewe ni kubwa kuliko harusi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981. Yaliingizwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004 na kutolewa 2014. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, zama za Sultani al-Hasan ibn Sulaiman anayehusishwa na ujenzi wa kasri la Husuni Kubwa. Mgeni anayefika leo huona kuta, na kulisimamisha tena kasri hilo kwenye kioo ndiyo kazi ya Blender. Wataalamu wa Zamani Project ya Chuo Kikuu cha Cape Town wameshayapima magofu hayo kwa leza. Huko Tendaguru, mkoani Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Mmoja wa dinosaria hao, Giraffatitan, amesimamishwa Berlin akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Watoto wa Lindi wanastahili kumwona akitembea kwa maelezo ya Kiswahili, na inawezekana: Ubongo Kids, katuni ya Dar es Salaam, ilianza kuonyeshwa TBC1 mwaka 2014 na imethibitisha kwamba kazi ya namna hiyo hufanyika nchini na kuvuka mipaka. Anayekwenda kupiga picha magofuni aombe vibali mapema, na droni ina kibali chake kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Kwa upande wa mtaji, halmashauri zetu zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na fungu la vijana ni asilimia 4. Vikundi vya wapiga video viombe. Viandike kwenye andiko lao diski, UPS na leseni ya programu kabla ya kamera ya pili, na marejesho vipange yaangukie miezi ya ufuta na korosho. Maofisa maendeleo ya jamii wanaopitia maombi hayo, nawaomba wakubali ratiba hiyo, kwa sababu ndiyo kalenda ambayo wateja wa vijana hawa huifuata kulipa.