Moynaq, bandari iliyokimbiwa na maji

MGENI anayeingia Moynaq, mji mdogo ulioko kaskazini magharibi mwa Uzbekistan, hupokewa na kibao cha barabarani chenye picha ya samaki. Mwisho wa mji kuna mteremko, na chini yake zimepangwa meli za uvuvi zipatazo kumi, zote zimeliwa na kutu. Zimekaa juu ya mchanga, katikati ya vichaka. Hakuna maji popote jicho linapofika. Anayetaka kuyaona maji ya Bahari ya Aral kutoka hapo anahitaji gari imara la kupita mchangani na safari ya zaidi ya kilomita 100.

Meli hizo mbovu ndizo zinazoleta wageni. Mji ulioishi kwa samaki sasa unajaribu kupata riziki kwa watu wanaokuja kutazama mahali samaki walipokuwa. Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, safari ya Moynaq ina hesabu ya kujifunza: maji yalikwenda wapi, nani aliuza mazao na nani alilipa gharama.

Ziwa lililolingana na Victoria

Aral huitwa bahari, lakini ni ziwa. Maji yake hayana njia ya kutokea. Mwaka 1960 lilikuwa na eneo la takribani kilomita za mraba 68,000, yaani karibu sawa na Ziwa Victoria. Mkazi wa Mwanza, Musoma au Kisumu anaweza kupima mwenyewe ukubwa wa jambo lenyewe: ni kama Ziwa Victoria lote kupungua hadi kubaki vipande vichache, ndani ya maisha ya mtu mmoja.

Ziwa hilo lilitegemea mito miwili mikubwa, Amu Darya na Syr Darya, inayotoka milimani mbali upande wa kusini na mashariki. Enzi za Umoja wa Kisovieti, serikali iliamua kuyatumia maji ya mito hiyo kulima pamba jangwani. Mifereji ilichimbwa kila upande. Mkubwa kuliko yote, Mfereji wa Karakum ulioanza kuchimbwa mwaka 1954, ulichukua maji ya Amu Darya na kuyapeleka zaidi ya kilomita 1,000 ndani ya Turkmenistan.

Pamba ilistawi, na Uzbekistan ikawa miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani. Lakini mifereji mingi ilikuwa ya udongo mtupu, bila saruji. Maji mengi yalizama ardhini au yalikauka kwa jua kabla ya kufika shambani, na yaliyosalia kuingia ziwani yakawa machache mwaka hadi mwaka.

Miaka ya 1960 wavuvi wa Aral walikuwa wakivua zaidi ya tani 40,000 za samaki kwa mwaka. Moynaq ilikuwa na bandari na kiwanda kikubwa cha kusindika samaki wa makopo. Ufuo ulipoanza kurudi nyuma, watu wa bandari walichimba njia za maji ili meli ziendelee kulifuata ziwa. Kila walipochimba, maji yalizidi kwenda mbali. Chumvi nayo ilipanda. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 uvuvi wa kibiashara ulikuwa umekwisha.

Kiwanda hakikufungwa mara moja. Kwa miaka kadhaa kililetewa samaki waliogandishwa kutoka bahari za mbali, wakisafirishwa maelfu ya kilomita ili wafanyakazi wasikose kazi. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, mpango huo haukuweza kuendelea.

Mwaka 1987 ziwa liligawanyika vipande viwili, cha kaskazini na cha kusini. Mwaka 2014 bonde la mashariki la kipande cha kusini lilikauka kabisa. Sakafu iliyobaki wazi, zaidi ya kilomita za mraba 50,000, sasa ni jangwa jipya linaloitwa Aralkum. Upepo huinua vumbi lake lenye chumvi na masalia ya dawa za mashambani, na kulimwaga juu ya nyumba, malisho na mashamba.

Namna ya kufika

Moynaq iko katika Karakalpakstan, jamhuri yenye mamlaka yake ya ndani katika Uzbekistan. Msafiri kutoka Afrika Mashariki anaweza kupitia Dubai au Istanbul hadi Tashkent, mji mkuu. Kutoka Tashkent hadi Nukus, makao makuu ya Karakalpakstan, ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, ndiyo maana wengi hupanda ndege au treni ya usiku. Kutoka Nukus hadi Moynaq ni kama kilomita 200, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari.

Zamani kupata viza ya Uzbekistan kulikuwa na usumbufu mwingi. Tangu Julai 2018 raia wa nchi nyingi wanaweza kuiomba kwa njia ya intaneti. Hata hivyo, orodha ya nchi hubadilika, kwa hiyo ni vema kuulizia kabla ya kukata tiketi.

Fedha ya nchi hiyo huitwa som. Hadi mwaka 2017 kulikuwa na bei mbili za dola, ya benki na ya mitaani, na tofauti kati yake ilikuwa kubwa. Septemba mwaka huo serikali iliiachia som, ikashuka kwa siku moja kutoka takribani 4,200 hadi 8,100 kwa dola. Tangu hapo mgeni hana sababu ya kubadilisha fedha uchochoroni. Akiwa kijijini ni busara awe na noti za som mkononi.

Majira ya kwenda ni Aprili na Mei, au Septemba na Oktoba. Kiangazi joto hupita nyuzi 40, na majira ya baridi kila kitu huganda.

Salamu, mkate na chai

Mswahili hatajiona mgeni sana katika salamu. Watu wengi ni Waislamu na husalimiana kwa salaam aleikum, mkono wa kulia ukiwekwa kifuani. Atasikia pia maneno anayoyafahamu: kitob ni kitabu, dunyo ni dunia, choy ni chai, na maktab ni shule. Kushukuru ni rahmat.

Mgeni huvua viatu mlangoni. Mkate wa duara, ambao huitwa non, huheshimiwa sana: hukatwa kwa mikono na haupinduliwi chini juu. Chai ya kijani humiminwa nusu bakuli tu. Huo si uchoyo. Mwenyeji anataka apate nafasi ya kumwongezea mgeni tena na tena, na bakuli likijazwa pomoni huwa ni dalili ya kumwambia mgeni kuwa muda wake umekwisha.

Mji wenyewe ni nyumba za chini, barabara pana zenye vumbi, ng'ombe na mbuzi wanaojitafutia malisho. Kuna jumba la makumbusho lenye picha za enzi za uvuvi na makopo ya samaki yaliyotoka kiwandani. Aprili 2010 aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Ban Ki-moon, alifika hapo na kueleza kuwa hali aliyoiona ilimshtua.

Biashara iliyosalia

Kitu cha kwanza anachokiona mfanyabiashara ni jinsi fedha ya mgeni inavyopita bila kukaa. Wageni wengi hutoka Nukus asubuhi, hupiga picha penye meli, hula chakula cha mchana na kurudi jioni. Gari limekodiwa Nukus, na malazi yamelipiwa Nukus. Moynaq hubaki na bei ya sahani ya chakula na kiingilio cha makumbusho.

Hali ni tofauti kwa mgeni anayelala. Huyo hulipia kitanda, chakula cha jioni na cha asubuhi, na pengine dereva wa kumpeleka hadi kwenye maji yenyewe. Safari hiyo hupita juu ya sakafu ya ziwa na kando ya miamba ya uwanda wa Ustyurt, na kwa kawaida huchukua siku mbili, kwa kulala katika mahema ya duara ya wafugaji karibu na ufuo. Kwa hiyo anayetaka fedha yake iwafikie wenyeji anashauriwa kupanga kulala Moynaq, na kutafuta dereva wa huko huko.

Biashara ya pili inatoka ndani ya maji ya chumvi. Samaki hawawezi kuishi katika Aral ya kusini, lakini kuna mdudu mdogo wa jamii ya kamba aitwaye artemia anayestahimili chumvi hiyo. Mayai yake hukusanywa, hukaushwa na kuuzwa nje, hasa China, kwa ajili ya kulishia vifaranga vya samaki na kamba. Wafugaji wa samaki wanaozalisha vifaranga vya kambare wanalijua zao hili, kwani huuzwa kwa vikopo na bei yake si ndogo.

Wapo pia wanaovua katika maziwa madogo ya delta ya Amu Darya. Mwaka ambao mto unaleta maji, samaki hupatikana. Mwaka wa ukame, nyavu hubaki zimetundikwa.

Wakulima wa juu ya mto

Ni rahisi kumlaumu mkulima wa pamba, lakini naye hakufaidi sana. Kwa miongo mingi serikali ilimpangia eka za kulima, ikamwekea kiwango cha kuuza na bei ya kuuzia. Watoto wa shule, walimu na wauguzi walipelekwa mashambani kuvuna. Mamia ya kampuni za nguo duniani yalisusia pamba hiyo. Mwaka 2020 kiwango cha lazima kilifutwa. Baada ya uchunguzi kuonyesha kuwa utumikishwaji wa jumla umekwisha, mgomo huo uliondolewa Machi 2022. Eneo la pamba, lililokuwa karibu hekta milioni 2 miaka ya 1980, limepungua hadi takribani milioni 1, na nchi inasokota nyuzi ndani badala ya kuuza marobota.

Deni la ardhi bado linalipwa. Shamba likimwagiliwa maji mengi bila mitaro ya kuyatoa, maji ya chini ya ardhi hupanda. Jua huyavuta juu na kuyakausha, na chumvi hubaki kama unga mweupe. Wakulima wa Karakalpakstan hulazimika kuyafurika mashamba maji kabla ya kupanda ili kuiosha chumvi hiyo, yaani wanatumia maji mengine kurekebisha madhara ya maji yaliyotangulia.

Juhudi na hofu mpya

Tangu mwishoni mwa mwaka 2018 Uzbekistan imepanda saksauli na vichaka vingine vya jangwani katika eneo linalozidi hekta milioni 1 za sakafu ya ziwa. Mizizi hushika mchanga na matawi hupunguza upepo. Si miche yote inayopona, lakini inayoshika huzuia vumbi na baadaye hutoa malisho.

Upande wa kaskazini, Kazakhstan ilikamilisha mwaka 2005 bwawa la Kok-Aral lenye urefu wa karibu kilomita 13. Maji ya kipande kidogo cha kaskazini yalipanda, chumvi ikashuka, na samaki wakarudi pamoja na viwanda vya kuwasindika. Kwa Moynaq bwawa hilo halikusaidia, kwa kuwa mji uko upande wa kusini unaotegemea Amu Darya.

Na juu ya mto huo kuna hofu mpya. Mwaka 2022 Afghanistan ilianza kuchimba mfereji wa Qosh Tepa, wenye urefu wa kilomita 285, kuchukua maji ya Amu Darya kwa ajili ya mashamba yake ya kaskazini. Afghanistan ina njaa na ina haki ya kulima. Lakini kila ndoo itakayochukuliwa huko itapungua kwa mkulima wa Uzbekistan na Turkmenistan, na wa mwisho kabisa katika foleni ni watu wa Moynaq.

Pamba nyingi ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania hulimwa kwa mvua, hivyo si kila kilichotokea Aral kinaweza kutokea huko. Lakini skimu za umwagiliaji zinaongezeka, na mito mingi ina wakulima juu, wafugaji katikati na wavuvi chini. Wanaoanzisha skimu wanaweza kuchukua mambo matatu kutoka Moynaq: kusakafia mfereji mapema ili maji yasipotee njiani, kuchimba mitaro ya kutolea maji kabla chumvi haijaonekana, na kuwaita kwenye kikao watu wa mwisho wa mto kabla ya kugawana maji. Huko Aral wavuvi hawakuitwa, na mfereji wa kulifuata ziwa haukuwafikisha popote.