Buba na Sindano Iliyosifika Mlima Kenya

Huanza kwa kidonda kimoja, mara nyingi mguuni mwa mtoto. Hakiumi sana, kwa hiyo mtoto huendelea kuchunga mbuzi na kucheza na wenzake. Baada ya wiki au miezi, vipele vyenye chembechembe kama tunda la forosadi hutapakaa usoni, kwapani na kando ya mdomo. Vikiota kwenye nyayo, mtoto hutembea kwa ukingo wa mguu kama anayekanyaga makaa.

Hiyo ndiyo buba. Karne moja iliyopita ilienea sana katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, Embu hadi Meru. Kidudu chake ni ndugu wa karibu wa kile cha kaswende, lakini buba haihitaji tendo la ndoa. Ngozi yenye majimaji ya kidonda ikigusa ngozi iliyochubuka, inatosha. Watoto waliolala pamoja juu ya ngozi moja ya ng'ombe waliambukizana kwa urahisi, hasa pale maji na sabuni vilipokuwa haba.

Daktari Clive Irvine wa misheni ya Kanisa la Uskoti alifika Chogoria, kwenye miteremko hiyo, mwaka 1922. Miaka hiyo, misheni na idara ya afya ya serikali ya kikoloni zilitibu buba kwa sindano za chumvi ya bismathi, dawa iliyokuwa nafuu kuliko zile za aseniki. Sindano yenyewe iliuma, lakini vidonda vya miezi vilikauka kwa siku chache tu! Hakuna hotuba ambayo ingewavuta watu kama ngozi safi ya mtoto wa jirani.

Tatizo lilizaliwa hapohapo. Kidonda kikikauka, mgonjwa hakuona sababu ya kurudi kumaliza dozi, na mtu hawezi kulaumiwa kwa kukwepa safari ndefu ya miguu akiwa mzima. Kumbe vidudu hubaki mwilini kimya, na vidonda huweza kuzuka tena baada ya miaka. Kutibu waliojitokeza pekee kuliacha mbegu ya ugonjwa kijijini.

Penisilini ilirahisisha kazi baada ya Vita Kuu ya Pili. Leo vidonge vya azithromaisini, vinavyomezwa mara moja tu, vinafanya kazi hiyohiyo. Na kwa kuwa vidudu hujificha mwilini, Shirika la Afya Duniani, linalolenga kuitokomeza buba ifikapo 2030, hupendekeza kijiji kizima kimeze dawa, wakiwemo wasio na hata kipele.