Mfundishe Mkamuaji Wako Kazi

Wakulima wengi wa skimu huandika mtu mmoja wa kukamua ng'ombe. Asubuhi ya kwanza hupewa ndoo na kuambiwa, "Ng'ombe ni wale pale." Baadaye maziwa yakikataliwa na Chama cha Ushirika, mtu huyo hufukuzwa. Huja mwingine, naye hupewa ndoo ile ile. Je, kosa ni la nani? Mtu asiyefundishwa kazi halaumiwi kwa kutoijua.

Kati ya mwaka 1940 na 1945, viwanda vya Marekani vilipoandika watu wengi wasiojua kazi, wasimamizi walifunzwa kuwaelekeza kwa hatua nne. Hatua hizo zafaa zizini pia.

Kwanza, mtayarishe. Muulize anajua nini, na umweleze kwamba maziwa safi ndiyo yanayolipa mshahara wake.

Pili, mwonyeshe kwa mikono yako mwenyewe, ukitoa sababu. Nawa mikono. Osha kiwele kwa maji ya vuguvugu, ukikaushe kwa kitambaa safi. Maziwa ya kwanza ya kila chuchu yatie katika kikombe cheusi. Ukiona mabonge au damu, huo ni ugonjwa wa kiwele. Ng'ombe huyo akamuliwe mwisho, na maziwa yake yasichanganywe na mengine. Kamua upesi bila kusimama, kwa maana ng'ombe huachilia maziwa kwa dakika chache tu.

Tatu, mwache afanye mbele yako huku akikueleza sababu ya kila jambo. Akikosea, msahihishe papo hapo, bila matusi.

Nne, mwache peke yake, lakini mkague mara kwa mara. Ng'ombe akitibiwa, mwambie ni siku ngapi maziwa yasiuzwe, kama alivyoagiza daktari wa mifugo.

Wengine husema, "Nikimfundisha atahamia kwa jirani." Huenda. Lakini asiyejua kazi akibaki kwako, hasara ni ya kila siku. Na maziwa yake mabaya yakitiwa katika tangi la Chama, huharibu ya wenzako wote. Akiisha kuijua kazi, mwongeze mshahara kidogo. Hatakuwa na haraka ya kuhama.

Bwana mkulima, nawe mama, mafunzo ya ng'ombe wa maziwa yakitangazwa, usiende peke yako. Mpeleke na yule anayeshika ndoo.