Dawa ya Nyumbani na Kisu cha Tabibu

Ndugu wasomaji, nataka kuwapeni khabari ya jambo lililotokea nyumbani mwetu, na katika khabari hiyo mkosa ni mimi mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa chuo hapa Morogoro mjini, na asili yetu ni Kinole, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, kunakopatikana ndizi, mananasi, mdalasini na karafuu. Dada yangu akaa huko hata leo. Mtoto wake wa pili alizaliwa na ualbino, na sisi wa rika langu tulikuwa tukiwaita watu kama yeye kwa jina ambalo leo naona haya kuliandika. Kwa asiyejua mila ya Waluguru, yampasa afahamu kwamba ukoo wetu wahesabiwa kwa upande wa mama. Mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake, katika ndoa, katika shamba, na hata katika maradhi. Dini imetufundisha haki ya baba, nasi twaikubali, lakini mazoea ya milimani hayatoki upesi.

Mwaka 2016 mpwa wangu huyo, akiwa kijana wa miaka 27, alitokwa na kidonda juu ya sikio la kushoto. Kilikuwa kidogo, kikikauka na kutoka tena, kikivuja damu kila alipokigusa kwa kitambaa. Tangu utoto wake alikuwa shambani juani, na ngozi yake haina ile rangi ambayo kwa wengine ni mwavuli aliotuvika Mola wetu. Alikwenda hospitali, wakakata kipande kidogo cha nyama, wakakipeleka kupimwa, na baada ya majuma kadha jibu likaja kwamba ni saratani ya ngozi. Tabibu alimwambia kuwa kidonda ni kama punje ya hindi, na kikikatwa sasa pamoja na nyama nzima kidogo ya pembeni, atarudi nyumbani na sikio lake.

Alikuja kwangu jioni ile ile. Nikamwuliza, "Pana haraka gani?"

Basi ndugu zangu, neno hilo nimelikumbuka mara nyingi. Nilikuwa na sababu zangu. Kwanza niliogopa kisu, kwani nilikuwa nimesikia tangu udogoni kwamba saratani ikiguswa na chuma hutawanyika mwilini. Wengi wanaamini hivyo mpaka leo, na asili yake naiona sasa: watu wetu huenda hospitali wakati ugonjwa umekwisha kuenea, wakakatwa, wakafa, na walio hai wakakilaumu kisu. Pili palikuwa na gharama. Tatu, nami naona haya kusema, nilikuwa na sifa mtaani ya kujua dawa za Sunna, na sifa hiyo ilinipendeza.

Nilitwanga habasoda, nikaichanganya na asali ya nyuki ya milimani, nikampa apake asubuhi na jioni. Kidonda kilioshwa kwa maji ya muarobaini, na usiku kikawekewa utomvu wa shubiri. Majuma ya mwanzo usaha ulikoma na harufu ikaisha. Tulimshukuru Mungu, na mimi nikaeleza khabari hiyo msikitini. Sikujua kwamba asali na shubiri husafisha uchafu wa kidonda tu. Mzizi wa ugonjwa ulikuwa chini, nao haukuwa na usaha.

Mwezi wa tatu kidonda kilirudi, kikubwa kuliko kwanza. Jirani mmoja akaleta utomvu wa mnyaa, ule mti wa vijiti vya kijani tunaoupanda kuwa ua. Kila mtu ajua kwamba utomvu huo ukiingia jichoni ni balaa, lakini wako watu wanaochomea sugu na vinundu kwa utomvu huo. Tukaupaka. Kijana aliumia usiku kucha bila kulia. Baada ya siku chache kikafanyika kigaga cheusi, kikaanguka, na chini yake pakaonekana pekundu na pasafi. Tulidhani tumeushinda ugonjwa. Kumbe tulikuwa tumechoma paa, na moto u ndani ya nyumba.

Mwezi wa saba kingo za kidonda zilikuwa ngumu kama ganda la nazi, na shingoni, chini ya taya, paliota tezi. Hapo dada yangu alishuka kutoka Kinole, akaketi ukumbini pangu bila kuvua kanga ya kichwani, akasema, "Kaka, wewe ndiye mjomba wake, nami sikukukatalia neno. Lakini sikio hili nimelizaa mimi. Kesho twaenda Dar es Salaam."

Walikwenda, nami nikawafuata. Sikio lote lilikatwa pamoja na tezi za shingo. Ramadhani ya mwaka 2017 ilimkuta wodini, akala mchana kwa ruhusa ya sheria, akalipa siku zake baadaye. Baada ya Idi akapelekwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, katika lile jengo la zamani la Wajerumani lililo karibu na bahari, akachomwa kwa mionzi kwa majuma sita.

Siku tuliyofika, tabibu mpasuaji alitazama karatasi ya kwanza, akatazama tarehe yake, akamwuliza, "Miezi saba hii ulikuwa wapi?" Mpwa wangu akajibu, "Nilikuwa shambani, daktari." Alisema hivyo kunisitiri. Nikasimama nikasema kweli yote. Yule tabibu hakunikemea. Alitoa kalamu akaniuliza dawa zote nilizotumia, moja baada ya moja, na kila moja akaiandika, kwani zipo dawa za mitishamba zinazopatana vibaya na dawa za hospitali. Kisha akanifahamisha jambo ambalo mtu wa chuo kama mimi sikuwa nimelijua. Alisema saratani si usaha wala si damu chafu. Ni nyama ya mtu mwenyewe iliyoasi, inaongezeka bila amri, na chembe zake zikiingia katika tezi zaweza kusafiri hata kwenye mapafu. Dawa ya kupaka juu haiwezi kuzifuata huko.

Tangu siku hiyo nimesoma na kuuliza, na nimeona kwamba kosa langu si la watu wa milimani peke yao. Sote twakumbuka mwaka 2011, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila alipotoa kikombe cha dawa katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500. Walikwenda maskini na wakubwa wa serikali, Waislamu na Wakristo, magari yakapanga mstari wa kilomita nyingi, na wengine walikufa njiani wakingoja zamu. Katika maradhi yaliyotajwa kuponywa, saratani ilikuwamo. Naijua nyumba moja hapa Morogoro ambayo mama wao aliacha dawa za hospitali baada ya kunywa kikombe kile. Sitasema zaidi, kwani watoto wake ni wanafunzi wangu.

Na huko Marekani, nchi yenye hospitali kubwa, huuzwa marhamu nyeusi iliyotengenezwa kwa mzizi wa mmea na chumvi ya zinki inayounguza. Hufanya kazi ile ile ya mnyaa wetu: huchoma juu, kigaga huanguka, mgonjwa hufurahi, na ugonjwa huendelea chini ya kovu. Serikali ya huko imewaonya watu wake juu ya dawa hiyo. Vijana wetu nao wamjua mwimbaji Bob Marley wa Jamaica. Simtaji ili aigwe. Mwaka 1977 alionekana na saratani chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Alishauriwa kidole kikatwe, akakataa, akakubali kutolewa ukucha na nyama kidogo tu. Mwaka 1980 ugonjwa ulikuwa umeenea mwilini, naye akaenda Ujerumani kwa tabibu Josef Issels, aliyetibu kwa vyakula na njia zisizothibitishwa. Alikufa tarehe 11 Mei 1981, na umri wake ulikuwa miaka 36.

Habari ya ukucha huo yatuhusu sisi weusi khasa. Wako wanaodhani saratani ya ngozi ni ya Wazungu na wenye ualbino. Kweli ngozi nyeusi ina kinga kubwa, lakini ile saratani kali inayoanza kama doa jeusi, kwetu hutokea unyayoni, kiganjani na chini ya ukucha, mahali ambapo rangi ni chache na macho hayafiki. Nayo ni hatari kwa mkulima apandaye mlima pekupeku, kwani hudhani amechomwa na mwiba. Tena kovu la zamani la moto, au donda la mguu lililokaa miaka, laweza kugeuka saratani. Kidonda kisichopona kwa mwezi mzima, au doa linalokua na kubadili rangi, si la kuuguzwa nyumbani.

Sasa nakuja kwenye dini, maana najua mtu ataniuliza: je, Mwalimu, umeikana habasoda? Mungu apishe mbali. Hadithi yake ni sahihi, imo kwa Bukhari na Muslim, na chupa yake ipo nyumbani kwangu. Lakini nilikuwa nikiisoma hadithi bila ya maelezo yake. Wanavyuoni wakubwa, mathalan Al-Khattabi na baadaye Ibn al-Qayyim, wameeleza kwamba neno lile ni la jumla lakini makusudio yake ni aina ya maradhi yanayoafikiana na tabia ya habasoda. Hawakusema mtu aache dawa nyingine zote.

Tena iko khabari iliyopokewa na Abu Daud ya sahaba Saad alipougua. Mtume (S.A.W.) alimzuru, akaweka mkono wake kifuani pake, akamwelekeza kwa Harith bin Kalada wa kabila la Thaqif, aliyekuwa akijulikana kwa utabibu, na katika khabari hiyo hiyo zatajwa tende za Ajwa za Madina. Tende na tabibu vimekuja pamoja, hali ya kuwa maulamaa wamekhitalifiana hata kama huyo Harith alisilimu. Mimi nilizichukua tende nikamwacha tabibu.

Na iko hadithi nyingine, kwa Abu Daud, Nasai na Ibn Majah, ambayo kila mwenye kuwatibu watu angeiweka mlangoni pake. Maana yake ni kwamba mtu anayetibu hali hajulikani kwa utabibu, akidhuru, dhamana ni juu yake. Nilipoisoma baada ya mambo haya kupita, nilifunga kitabu. Nilimwita mpwa wangu nikamwuliza nimlipe nini kwa sikio lake. Akacheka, akasema, "Mjomba, nifundishie mwanangu Qurani bila ada." Mtoto huyo sasa yumo katika Juzuu Amma.

Waislamu wa kale walikijua kisu. Az-Zahrawi wa Andalusia, aliyekufa yapata mwaka 1013, aliandika katika kitabu chake cha Tasrif kwamba saratani ikiwa changa na ndogo, mahali inapoweza kutolewa yote, hukatwa. Ama ikiwa kubwa na ya siku nyingi, aliona bora isiguswe, na alikiri kwamba yeye hakupata kumponya mtu wa namna hiyo wala hakumwona aliyeponya. Leo, kwa fadhila za Mungu, mionzi na dawa zimeongeza njia, lakini kipimo cha uchanga kingali pale pale.

Wala sisemi miti haina dawa. Lile ua la waridi la asili ya Bukini, linaloota kwenye nyua zetu, limetoa dawa mbili za saratani zinazotumika tangu miaka ya 1960, na moja yake hutumika hata kwa saratani nyingine ya ngozi inayopatikana sana Afrika Mashariki, iitwayo Kaposi. Wataalamu waliufikia mmea huo kwa sababu wazee wa Jamaica walikuwa wakinywa majani yake kwa kisukari. Lakini dawa yake hutolewa katika majani mengi sana, hupimwa kwa kipimo kidogo, na huingizwa kwa sindano mshipani. Ukiyachemsha majani nyumbani, wanywa sumu usiyojua kiasi chake.

Mpwa wangu siku hizi hulima alfajiri na jioni. Huvaa kofia pana ya ukili juu ya kitambaa, na mikono mirefu hata wakati wa joto. Hupaka mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, kila anapoyapata. Ndizi zake hufika Soko la Chifu Kingalu kabla ya jua kuwa kali. Dada yangu humkagua shingo na mgongo kila Ijumaa kabla ya sala, kama anayetafuta chawa, na mtu mzima yule huinama bila kusema neno.

Mwezi wa Shaabani alikuja kwangu akanionyesha doa jipya juu ya mkono wa kulia, dogo kuliko punje ya mtama. Nilimwuliza amekwisha mwonyesha nani. Akatia mkono mfukoni akatoa tiketi ya treni ya umeme, ile iliyoanza safari baina ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni 2024. Ilikuwa ya kesho yake asubuhi, na zilikuwa mbili. "Ya pili ni yako, Mjomba," akasema.